Siku ya Mthamini

Alikuja saa nne asubuhi na futi ya chuma,
Bwana Gichohi, viatu vimeshika vumbi jeupe la Kiamunyi,
akaomba maji, akaomba hatimiliki,
kisha akatuomba, kwa adabu, tusisemezane.

Lakini ulimi hauna kufuli.

Mang'oli, aliyehama Machi na begi moja na redio,
aliyesema nyumba hii ni tanuri mchana na jokofu usiku,
akaanza kuisifu.
Tazama milango, mvule mtupu.
Tazama upepo unavyoshuka kutoka Menengai.
Vyumba vitatu, kisima, na lami iko njiani.
Alisifu hata mparachichi
ambao hakuwahi kuumwagilia kikombe.

Nami niliyeipenda,
niliyeuza cherehani mbili ili msingi utoke ardhini,
niliyelala humu bila madirisha, magunia yakining'inia,
nikaanza kuitukana.
Paa linavuja.
Maji ya mfereji huja Jumanne, yakikumbuka.
Choo kinanung'unika. Jirani anafuga nguruwe.

Hesabu ndiyo iliyotugeuza:
anayeondoka anataka jumba,
anayebaki anaomba kibanda.

Nikampeleka jikoni, nikamwonyesha ufa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta, husema wahenga.
Tuliuziba. Mara tatu, kwa saruji,
mara ya pili tukicheka, yeye ameshika ndoo,
mimi nina saruji hadi kwenye nyusi.
Wahenga hawakusema ufanyeje
ufa unapotoka chini, ardhi yenyewe ikijigeuza
kama mtu aliyechoka kulalia ubavu mmoja.

Bwana Gichohi akapiga magoti, akachomeka kalamu.
Kalamu ikazama hadi nusu.
Laki mbili unusu, akaandika. Toa.

Ripoti ikaja: milioni saba na laki nne.
Deni la benki, milioni nne na laki moja.
Kinachobaki gawa kwa mbili, kama mkate,
kana kwamba mkate haukuwa na mwokaji.
Fungu lake sina. Basi narudi benki
kuikopea nyumba niliyokwisha kuikopea,
nikanunue nusu ya mlango
ninaoufunga mwenyewe kila usiku.

Na kukopa nako kuna nauli yake:
ada ya mthamini, ya wakili wa benki, ya wakili wangu,
kufuta rehani ya zamani
ili mpya iandikwe juu ya kovu lake,
stempu, bima, asilimia moja na nusu
ya kutazamwa usoni na kuambiwa keti.
Nikauliza, hizi je, tunagawana?
Wakili Adongo akampigia simu mwenzake.
Jibu likarudi limekunjwa vizuri:
anayebaki na chungu ndiye anayekiosha.

Nina miaka arobaini na minne.
Afisa wa mikopo alihesabu kwa vidole, kisha akatabasamu:
kumi na sita, mama, utamaliza siku ya kustaafu.
Naliaka, kidato cha kwanza, hakuuliza habari za pesa.
Aliuliza chumba chake kiko nusu ya nani.

Usiku ule nilizunguka na tochi
nikiyatengua maneno yangu, chumba baada ya chumba.
Paa, huvuji, labda mvua ya mawe.
Choo, nisamehe, nani asiyenung'unika.
Nguruwe, hapana, nguruwe ni kweli.

Nilipofika jikoni nilikosa la kutengua.
Ufa ulikuwa palepale, mdomo nusu wazi,
wino wa Bwana Gichohi bado umeupaka ukingoni.
Wewe, nikauambia, ndiwe peke yako katika ndoa hii
uliyenipunguzia deni:
laki moja, elfu ishirini na tano.

Gunia la saruji liko stoo.
Likae.