Tarehe Kumi na Nne

Nilikuwa natafuta namba za luku,
mita imelia tangu alfajiri.
Nikaingiza mkono kwenye kopo la tambi
ikatoka kadi,
imekunjwa mara nne kama hirizi.

Jina: Sikudhani Mrisho. Huduma: sindano.
Mihuri sita, kila muhuri miezi mitatu.
Mimi fundi mageti, hesabu hainishindi:
mwaka na nusu
mke wangu anakwenda zahanati ya Kiwalani peke yake
na kurudi na fungu la mchicha,
ili nikiuliza ulikuwa wapi
mchicha ujibu.

Nikakaa juu ya ndoo.

Hasira ilikuja, sisemi uongo.
Ilikuja na sauti ya kaka yangu Shaweji:
kakuficha hili, mangapi hujayaona?
Ilikuja na mama, simuni, toka Kisarawe:
Tunu ana miaka minne, mdogo wake yuko wapi?

Lakini kopo halikuwa na kufuli.
Chumba chetu futi kumi kwa kumi,
mabinti watatu, pazia moja,
na bado mtu amepata pembe ya kunificha.
Pembe hiyo nani kaijenga?

Nikaukumbuka usiku wa Tunu.
Nesi alitoka na khanga ndani ya mfuko wa rambo,
akanipa, kafue.
Nilifua bombani mpaka adhana,
maji yakakataa kuwa meupe.
Na wiki ya sita, mgonjwa hajasimama vizuri,
nikasema, "Wa kiume bado."
Nilisema huku natafuna.

Mimi!
Mimi nisiyekata nondo ya mtu
kabla sijamuuliza mwenye nyumba:
dirisha lifungukie ndani au nje,
mlango unautaka au huutaki.
Wateja wa Vingunguti wote nimewauliza.

Kadi nikaikunja kwa mikunjo yake,
nikairudisha chini ya tambi.
Muhuri wa saba: tarehe kumi na nne.

Tarehe kumi na tatu, jioni,
anasonga ugali, mgongo kwangu.
Nikasema, "Kesho asubuhi sifungui karakana.
Tunu nitabaki naye."
"Kuna nini?"
"Kuna mchicha wa kununua."

Mwiko ukasimama.
Nje mtu anagombana na muuza maji,
redio ya jirani inasoma vifo.
Nilikuwa na mengine ya kusema,
nimeyapanga tangu mchana kama vipande vya bomba:
kwamba na mimi naweza kukaa kwenye lile benchi,
kwamba nesi akinigeukia, "Na wewe baba?"
sitaangalia viatu.
Hayakutoka hata moja.

Ugali ukaanza kunuka moto.

"Nitaona," alisema Sikudhani.
Hakugeuka.
"Nitaona."

Aliponipakulia,
upande ulioungua ukaja kwangu.
Nikaula wote.