Unyoya kwenye Sweta

Tulimnunua kando ya barabara kuu,
nyuma ya lori la machungwa, bila risiti,
kwa bei ya viatu vya mtoto.
Kijani, kifua cha rangi ya majivu,
na jicho moja likitoa chozi.
"Baridi tu hiyo," alisema muuzaji.
Evaristo akamfunika kwa skafu yangu.

Tukamwita Waziri,
kwa kuwa alisema sana na hatukuona alichotenda.

Mwezi wa saba Rosario haina huruma.
Tulifunga madirisha, tukawasha hita ya gesi,
na kila asubuhi mume wangu akalikung'uta gazeti la kizimbani
pale pale jikoni, kavu,
vumbi la kinyesi likipaa kwenye mwale wa jua,
laini kama sukari ya unga juu ya keki.
Nani angeogopa kitu kinachong'aa vile?
Kisha mbegu ya alizeti, kutoka meno yake
hadi mdomo wa ndege. Kila siku. Wakicheka wote wawili.

Siku ya kumi na mbili homa ikamwangusha.
Kichwa, alisema, kama kimebanwa na mlango wa lifti.
Kikohozi kikavu, kisichotoa kitu.
Zahanati ikasema mafua, ikampa panadoli.
Siku nne.
Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Hospitalini, saa nane za usiku,
Daktari Ayelén Sandoval, kijana, macho mekundu kwa kukesha,
hakuanza na mashine. Aliuliza:
"Mnafuga ndege?"
"Hapana," akajibu Evaristo.
Yeye aliyekosa pumzi ya kutaja jina lake
akaipata ya kusema uongo.
Aliogopa faini. Aliogopa Waziri atachukuliwa.

Daktari akainama, akabandua kitu kwenye sweta,
akakiinua kwenye taa:
unyoya, mfupi kuliko ukucha.
Hakusema neno. Alinitazama mimi.

Mficha maradhi hufichuliwa na kilio;
mimi sikukingoja.
"Tunaye. Analala jikoni. Jicho lake linalia."

Doksisaiklini ikaanza usiku ule ule,
kabla maabara haijaamka.
"Asiimeze na maziwa. Asiote jua.
Na dozi aimalize, hata akijiona mzima."
Siku ya tatu aliomba mkate.

Waziri naye alikwenda kwa daktari wake
katika boksi la viatu lililotobolewa matundu.
Dawa ile ile, siku arobaini na tano,
na mfupa wake wa ngisi ukaondolewa,
maana chokaa huishika dawa njiani isifike.
Basi nikawa na wagonjwa wawili,
mmoja kanyimwa maziwa, mwingine chokaa,
wakinuniana kupitia kioo cha mlango.

Siku hizi gazeti nalilowesha kwanza.
Barakoa, glavu, dirisha wazi hata kukiwa na jalidi,
sabuni hadi kwenye kiwiko.
Ufagio mkavu nimeupa likizo ya kudumu.
Kizimba kimehamia ua wa nyuma, chini ya paa la bati,
na Evaristo humpigia mluzi akiwa mbali.

Jana nilimfuma kasogeza uso kwenye waya,
midomo kaichongoa, mbegu kati ya meno.
Sikugomba.
Nilikohoa. Mara moja tu, kikavu.
Akaimeza mbegu mwenyewe.