Mwezi wa Nane

Kondoa nzima imetoka nje, shingo juu,
inatafuta mwezi mmoja. Mimi ninayo minane
hapa pajani, nakichungulia kinywa chako.
Jino. La chini. Kama chenga ya mchele.
Bibi Mwanahija akalipapasa kwa kidole,
akashusha pumzi aliyoibana tangu Rajabu:
"Alhamdulillahi, si kigego."
Mimi nisiyeamini mambo hayo
nikashusha na yangu.

Juzi ulikaa bila mto. Nilihesabu hadi kumi na moja
kabla hujapinduka kama kibaba cha uwele.
Kutambaa, bado: unarudi nyuma tu,
kinyumenyume hadi uvunguni,
ukalie huko na viatu vya baba yako.

"Umeandama!" Idrisa kapiga kelele toka juu ya tenki.
Usiku kucha iliki, na gauni lako la Idi
likikunjwa pindo kwa pini.

Asubuhi, uwanjani, upepo ukiinua ncha za mikeka,
nilikuweka mbele ya goti langu.
Tukasujudu.
Tulipoinuka hukuwapo.
Safu mbili mbele. Umekwenda mbele, Sikudhani!
Pindo limefumuka, kandambili ya Bibi mdomoni,
jino moja likifanya kazi.
Nani alikuona? Mapaji yetu yote yalikuwa chini.
Aliyekuona ndiye tuliyekuwa tukimsujudia.

Bibi hakukunyang'anya.
Alirudi nyumbani mguu mmoja mtupu,
akipeana watu mikono ya Idi
kama vile hakuna kitu.