Kielelezo Namba Nne

Leo tunachoma vielelezo, shimo la huko Pongwe.
Nimebeba daftari: magunia sita, kete mia na kumi,
na msokoto mmoja wa Hoza Shekiondo,
utingo wa lori la chokaa,
aliyepanda kizimbani na ndala zisizo pacha.
Msokoto mmoja. Miaka mitatu.

Bibi, kule Muheza, kideri kikiingia
aliwatilia kuku majani yaya haya kwenye maji.
Hakuna aliyemshitaki.
Na kaka yangu Semboja aliyavuta tangu darasa la saba;
sasa anahesabu nguzo za umeme Barabara ya Kumi na Mbili,
akifika ya saba, anaanza upya.
Kwa hiyo msiniharakishe.

Askari anamwaga mafuta ya taa.
Upepo, usiosoma sheria, unageuka:
moshi unatupitia sote, hakimu, karani, muuza mihogo,
na mbuzi wake.
Hakimu anakohoa, anacheka kidogo,
anakumbuka cheo.

Bungeni wakisema ndiyo, nani atamrudishia Hoza miaka yake?
Wakisema hapana,
nani atamshika Semboja mkono, avuke nguzo ya saba?

Naandika: *Vimeteketezwa vyote.*
Shati langu lanikana.