Haichuji

Baba alikuwa na neno moja la biashara:
haichuji.
Alimwambia mnunuzi, aliliambia hata shati,
akalirudia mbele ya pipa la mvuke
kule Tiruppur, miaka thelathini na minane,
mikono imezama hadi viwikoni
katika nili isiyosamehe.

Nyumbani sote tulikula wali kwa vidole.
Yeye alitumia kijiko,
akigeuza uso kidogo, kama mgeni,
tusione kucha za buluu zikikaribia mchuzi wa dengu.

Mimi Kayalvizhi, kitinda mimba wake,
nalipwa kuifuta rangi ile ile
iliyonilipia karo.

Juu ya paa la maabara nina trei kumi na moja za kioo.
Kila moja nimeipaka utando mweupe,
mwembamba kuliko ngozi ya kitunguu,
nikauoka kwa digrii mia nne na hamsini
hadi ukaumana na kioo.
Ni titani, ndugu ya weupe ulio katika rangi ya ukuta
na katika dawa ya meno.
Ukiutazama hauna kazi. Umelala.
Ila jua likiupiga,
vijichembe huruka kutoka mahali pake
na kuacha matundu yenye njaa,
na maji yanayopita hapo
huota meno.

Usiite kuchuja. Nakataa.
Chujio huzoa uchafu huku, likautua kule:
tope la buluu ndani ya gunia,
gunia nyuma ya shamba la mtu.
Hapa rangi inavunjwa pete kwa pete,
fundo kwa fundo,
hadi jina lake likose pa kukaa.

Si muujiza. Andika na haya:
mawingu ya Oktoba hutufanya wazembe,
maji yakiwa mazito mwanga hauzami,
na mto Noyyal hauenei katika trei kumi na moja.
Mkurugenzi aliuliza, lita ngapi kwa siku?
Nikamjibu.
Akafunga kalamu yake.

Jumanne baba alipanda ngazi, akipumzika kila ghorofa,
na chupa ya maji ya kisima chetu cha zamani,
kile ambacho minazi yake ilikufa imesimama.
Tukayamimina.
Saa nne yalikuwa rangi ya zambarau iliyopondwa.
Saa saba, kama jicho la paka.
Saa tisa nilisoma namba niliyoandika
chini ya kioo.

"Imekwenda wapi?"
Hewa, baba. Maji. Chumvi kidogo.
"Yote?"
Karibu yote.
Alicheka hadi akakohoa.
"Na mimi niliwaapia watu!"

Kisha, bila kuniomba,
akakunja mkono wa shati,
akaulaza mkono wake wa kulia katika trei ya mwisho,
kiganja juu,
akalitazama jua kama mtu anayemdai.

Kemia yangu naijua. Ngozi si maji,
na miaka thelathini na minane haikai juu juu.
Wingu lilikuwa linapita.
Nikavuta kiti, nikaketi ubavuni pake,
tukangoja lipite.