Kumi na Mbili, Mara Tatu

Ndoo iko jikoni, nyuma ya mlango,
imevikwa sweta kuukuu, mikono imefungwa fundo kwa mbele
kama mtoto anayepelekwa shule kwenye baridi.
Ni Mei hapa Liepāja, lakini upepo wa Baltiki
haujaambiwa.

Siku sita za mwanzo ilisema usiku kucha,
bluku, bluku, kwenye kile kijibomba cha kutolea hewa,
hata Bibi Skaidrīte wa ghorofa ya chini akaniuliza
kama nimeanza kufuga vyura.
Jumapili ikanyamaza.

Ndugu yangu Imants akapiga simu:
"Imenyamaza? Basi, tia chupani."
Ndivyo alivyo.
Mwaka ule aliitegea ndoo sikio kama daktari,
akasema tayari, akaziba chupa arobaini,
na usiku wa kuamkia sikukuu ya Jāņi
stoo ikaanza kupiga risasi.
Tulikuta matango ya siki yamejaa vioo,
dari linadondoka povu,
na paka hakurudi mpaka Julai.

Kimya si jibu.
Chachu hulala kwa baridi pia, si kwa shibe tu;
ipate joto la Juni humo chupani, itaamka na njaa yake
ikute mlango umefungwa.

Kwa hiyo nachota. Gilasi ndefu, nyembamba,
natumbukiza kipimio, nakizungusha kidogo
viputo visije vikakibeba kikasema uongo,
nainama mpaka jicho lilingane na bia.
Jumatatu, kumi na nne.
Jumanne, kumi na mbili.
Kilichobaki naonja; hakirudi ndooni.
Haina gesi. Ina mkate mweusi, ganda la chungwa,
na utamu mmoja uliochelewa kuondoka
kama mgeni anayetafuta glavu zake mlangoni.

Jumatano, kumi na mbili.

Mezani pana barua.
Nimemwandikia Imants habari ya nyumba ya baba,
aliyoiuza bila kuniuliza,
pamoja na pipa la mwaloni
na benchi alilokalia mama akimenya viazi.
Niliiandika Jumapili, baada ya ile simu.
Bahasha ina stempu tayari.
Naisoma kila jioni nikishapima bia.
Jumapili ilikuwa na maneno kumi na moja ya kuua.
Jumanne niliyafuta manne.
Jana moja, lile la mkewe.

Alhamisi, kumi na mbili. Hiyo ya tatu.
Naosha chupa, nachemsha vizibo,
sukari naipima kwa mizani ya keki, siyo kwa jicho,
kisha nafungua mrija, najaza,
shingoni naacha vidole viwili vya hewa.
Chupa thelathini na nane.
Mashapo nayamwaga kwenye bustani ya Skaidrīte
kabla hajaamka.

Naisoma barua.
Natoa neno jingine.

Bado inashuka, basi.

Stempu naibandua kwa mvuke wa birika,
barua nairudisha kwenye droo, chini ya vijiko.
Imants atakuja Jāņi na jibini lake la kisibiti,
atataka kufungua yeye.
Nitamwachia.
Nitasimama hatua mbili nyuma,
niangalie povu.