Dakika Sita

Kazi yangu ni kuhesabu pale panya anapoacha.

Maji nyuzi ishirini na tano, nimeyapima.
Kioo kirefu, kuta hazina pa kushika.
Namshusha Kumi na Saba,
nabonyeza saa,
naye aanza: vijikono, masharubu, vijikono,
akizunguka kama mtu aliyepoteza ufunguo wa nyumba yake.
Dakika ya tatu anatulia.
Pua juu, macho mekundu kama shanga,
anaelea.

"Amekata tamaa," asema Dakta Kadzo. "Andika."
Naandika sekunde.
Waliopewa dawa huogelea zaidi;
hivyo ndivyo tunavyoijua dawa
hapa Tudor, chumba cha nyuma, feni ikilia,
harufu ya vumbi la mbao na mkojo.

Lakini mimi ni mtoto wa Likoni, Dakta.
Nilipofunzwa kuogelea kaka alinifokea:
Wacha kupapatika! Yalalie maji, yatakubeba!
Kuelea ndiko kulikokuwa akili.
Basi huyu Kumi na Saba
amekata tamaa, au maji yamemfunza?
Dakta hucheka kidogo, kisha hacheki.
"Hata mimi sijui. Hatuna panya wa kusema."

Namtoa, namfuta kwa taulo.
Moyo wake wanidunda kidoleni kama cherehani.

Jaribio la chupa mbili ndilo linitoalo jasho.
Chupa ya maji, chupa ya maji ya sukari.
Panya mwenye raha hukimbilia tamu.
Aliyeelemewa hunywa yoyote,
kana kwamba ulimi umehama.
Siku ya kwanza kuliona nilishika meza,

maana Swabra, dada yangu, alianzia hapo.
Si kwa kilio, wala ukuta aliougeukia baadaye,
wala sahani za kombe, zafarani ikimkauka midomoni.
Alianza kwa kunywa chai bila sukari
pasi na kutambua,
nasi tukasema vyema, kisukari kimejaa mjini.

Sasa ana kidonge cheupe cha kliniki,
kimoja usiku.
Sijui ni panya wangapi walioelea
hata kikafika kiganjani mwake.
Huuliza wanakula nini.
Sijamwambia kwamba Alhamisi tunawamaliza,
na kwamba Jumatano huosha vizimba vyao
polepole kuliko ninavyolipwa.

Wiki ya tano, jana asubuhi,
alitafuna hamri moja, akasita,
akanikunjia uso:
"Haya mahamri mbona hayana iliki?"

Nilitoka uani nikajifanya naanika nguo.
Tangu Rajabu hakuwa ametaka kitu.
Sikuwa na saa, sikuwa na daftari.
Nilihesabu hivyo hivyo.

Kisha nikashuka Marikiti kununua iliki,
robo kilo nzima,
kama mtu anayeoza binti.